Mizani ya Ndengu na Nyota ya Begani

Kila mwaka vijana wa Nuu hukimbia mlimani wakijiandaa kujiunga na jeshi. Wachache hujua kwamba mlango wa maafisa haufunguliwi kwa miguu.

JANUARI ni mwezi wa mizani Nuu, huku kwetu Ukambani. Mvua za vuli zikijalia, ndengu huwa zimeng'olewa, zimepigwa fimbo, zimepepetwa, na sasa zinafika sokoni juu ya punda na pikipiki. Wanunuzi wa nafaka husimamisha mizani mbele ya maduka, zile za chuma zenye bamba la chini na mkono wa kusukuma vijiwe. Mkulima anaukazia macho mkono wa mizani, mnunuzi anaukazia macho mkono huohuo, na kila mmoja anamwombea mwenzake macho mabovu.

Alasiri moja, magunia yalipopungua, nilimwona kijana akivua viatu, akatoa simu na funguo mfukoni, akapanda kwenye bamba. Mnunuzi hakushangaa hata kidogo. Alisukuma kijiwe taratibu, akakirudisha nyuma nukta moja, akasema: "Hamsini na tatu." Kijana akashuka kimya, kama mkulima aliyeambiwa mahindi yake yana unyevu. Kando yao msichana aliyekuwa akiandika kilo daftarini aliinua macho, akaguna, akaendelea kuandika.

Kijana alikuwa akitafuta kilo 54.55. Huo ndio uzani wa chini ambao Jeshi la Kenya, KDF, limekuwa likiutaka kwa wanaume. Kwa wanawake ni kilo 50. Urefu ni mita 1.60, na hapa watu huupima kwa alama ya mkaa kwenye fremu ya mlango. Umri ni kati ya miaka 18 na 26. Takwimu hizo vijana wa Nuu wanazijua kwa ghibu. Ukirauka kabla jogoo hajamaliza zamu yake, utawakuta wakiupandisha mlima kwa mbio, mmoja mwenye raba, mwenzake na sandali za akala, wa tatu miguu mitupu.

Lakini kuna kipimo kimoja ambacho hakimo kwenye mizani ya ndengu wala kwenye fremu ya mlango, na ambacho sikusikia kikitajwa na yeyote pale sokoni. Kipimo hicho ni alama ya B.

Milango miwili

Jeshi lina milango miwili, na ni rahisi kuamini kwamba upo mmoja tu kwa sababu mmoja ndio wenye kelele.

Mlango wa kwanza ni wa makuruti. Tarehe hutangazwa, kila kaunti ndogo hutengewa uwanja, na vijana hufurika tangu alfajiri na vyeti vyao ndani ya bahasha za kaki. Anayeomba kuwa askari wa kawaida amekuwa akihitaji alama ya D pekee katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Maafisa humtazama meno, kifua, nyayo na macho, kisha humkimbiza. Jioni jina lako limesomwa au halikusomwa. Waliosomwa huelekea Eldoret kwa mafunzo, na kijiji kizima hujua.

Mlango wa pili ni wa makadeti, yaani wale wanaokwenda kufundishwa uafisa. Huu hauna uwanja wala kelele. Ombi hujazwa kwenye tovuti ya Wizara ya Ulinzi. Sharti la elimu ni B nzima katika KCSE, na masomo kama Kiingereza, Hisabati na sayansi nayo yasilegee. Wanaopita mchujo wa kwanza hutafutwa kupitia magazeti, wakaitwa kwa usaili, majaribio na uchunguzi wa daktari. Atakayevuka yote hayo haendi Eldoret. Huenda Lanet, nje kidogo ya mji wa Nakuru, kwenye Chuo cha Kijeshi cha Kenya.

Hapo ndipo penye jambo ambalo makala haya yanataka kulisema waziwazi. Ukadeti ni ufadhili wa masomo, ila hakuna anayeuita hivyo. Chuo cha Lanet kimo chini ya Chuo Kikuu cha Ulinzi wa Taifa, kilichoanzishwa rasmi mwaka 2021. Kadeti wa kawaida husoma kwa takriban miaka 3 na kutoka na shahada ya sayansi ya kijeshi na masomo ya usalama. Halipi karo. Analala, anakula, anavishwa na kutibiwa kwa gharama ya serikali, na juu ya hayo anapewa posho. Siku ya gwaride la kuhitimu, ambalo kwa desturi hukaguliwa na Rais akiwa Amiri Jeshi Mkuu, anatoka na cheo cha luteni wa pili na nyota moja kila bega.

Mlinganishe na mwenzake aliyepata B ileile akapangiwa chuo kikuu na KUCCPS, shirika la serikali linalowagawa wanafunzi vyuoni. Huyo ataomba mkopo wa HELB, atatafuta chumba cha kupanga, atapiga simu nyumbani kila muhula, na mbuzi watapungua zizini mmoja baada ya mwingine. Baada ya miaka minne atakuwa na shahada na deni, kisha aanze kutafuta kazi. Mzazi wa Nuu anayejua hesabu ya gunia la ndengu hahitaji kufafanuliwa hesabu hiyo. Anahitaji tu kuambiwa kwamba mlango upo.

Kutoka keya hadi afande

Si kwamba Wakamba ni wageni jeshini. Waingereza walipokuwa wakiandikisha askari wa King's African Rifles, kikosi ambacho wazee wetu walikiita keya, Ukambani palikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza kupeleka gari. Wakoloni walijitungia hadithi kwamba yapo makabila yaliyoumbwa kwa vita, wakawaweka Wakamba humo. Ukweli ulikuwa karibu zaidi na tumbo: nchi kavu, njaa za mara kwa mara, kodi ya kulipwa kwa fedha taslimu, na mshahara wa askari uliokuwa wa uhakika kuliko mvua. Vita vya Pili vya Dunia viliwapeleka vijana wa keya Ethiopia, Madagascar na hadi misitu ya Burma.

Lakini walikwenda kama watu wa kutumwa. Kwa miongo mingi Mwafrika angeweza kupanda hadi usajini meja, na hapo dari lingemgusa kichwa. Katika miaka ya 1950 wakoloni waliwatengenezea askari wachache wakongwe cheo cha effendi, kilichokaa katikati: juu ya sajini meja, chini ya afisa wa Kizungu. Cheo hicho kilikufa na ukoloni. Neno lenyewe, lililosafiri kutoka Uturuki kupitia Misri na Sudan, lilikuwa limeshazama katika Kiswahili chetu. Leo hata konstebo wa trafiki tunamwita afande.

Uhuru ulipokaribia, dari lilitobolewa kwa haraka. Jackson Mulinge, aliyeanza kama askari wa kawaida wa keya, alipewa uafisa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Joseph Ndolo, Mkamba mwenzake, naye aliinuka kutoka chini mpaka akawa Mkuu wa Majeshi, wadhifa aliouacha mwaka 1971. Mulinge mwenyewe alikuja kuushika wadhifa huo na kustaafu mwaka 1986 akiwa jenerali kamili.

Hadithi za watu hawa zimetuachia fahari, na pia zimetuachia ramani iliyopitwa na wakati. Bado tunaamini kwamba mtu huingia jeshini kwa miguu na kupanda kwa subira. Wapo makuruti wanaoendelea kusoma wakiwa kazini na kupanda vyeo, na hilo ni jambo la kuheshimiwa. Hata hivyo, njia ya moja kwa moja ya kuwa afisa sasa hupitia darasani. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 241, inataka uongozi wa majeshi uakisi sura ya nchi nzima, maeneo yake na makabila yake. Ahadi hiyo haiwezi kumtafuta mtu ambaye hakutuma ombi.

Gazeti la kufungia nyama

Nalisema hili nikiwa na kidonda changu mwenyewe. Nilipomaliza kidato cha nne nilikuwa na alama iliyotosha, na mwalimu mmoja alinishika sikio na kuniambia niandike barua ya kuomba ukadeti. Enzi hizo tuliandika kwa mkono. Niliiandika mara tatu kwa sababu ya wino kuvuja, nikaipeleka mjini Mwingi, nikaibandika stempu na kuisikiliza ikianguka ndani ya sanduku la posta. Kisha nikarudi nyumbani kungoja barua ya majibu.

Barua haikuja, na wala haikuwa ya kuja. Majina yalichapishwa gazetini, na gazeti kwetu lilifika kwa nadra, mikononi mwa mwalimu au abiria wa matatu. Wiki tatu baadaye nilitumwa buchani. Muuzaji akanifungia nusu kilo ya mbuzi kwa ukurasa uliojaa majina yaliyopangwa kwa safu, na juu yake nembo ya jeshi. Nilimwaga nyama kwenye sufuria na kuutandaza ukurasa juani. Damu ilikuwa imefuta safu moja, na upande wa chini ulikuwa umechanika kwenye herufi ya M. Mkamba yeyote anajua ni wangapi miongoni mwetu tunaoanzia herufi hiyo. Siku ya usaili ilikuwa imeshapita. Mpaka leo sijui kama jina langu lilikuwemo.

Siku hizi posta imeondoka njiani, na simu ipo karibu kila mfuko. Ila mtego haujaondoka, umebadilisha umbo tu. Tangazo la jeshi halifuati kalenda ya mkulima. Laweza kutoka wakati wa kupanda au wa kuvuna, na dirisha la kutuma maombi hufungwa baada ya muda mfupi. Kijana anayelisikia kwenye redio jioni anahitaji kesho yake awe na data, cheti kilichopigwa picha vizuri, na kitambulisho. Nimeketi kwenye saiba moja nikamtazama msichana akijaribu mara tano kupakia cheti chake, na mara tano mashine ikamjibu kwamba faili ni kubwa mno. Alikuwa amelipia dakika thelathini.

Halafu yapo majina. Cheti cha mtihani kinasema Musyoka, kitambulisho kinasema Musioka, na cheti cha kuzaliwa kimeandikwa na karani ambaye hakusikia vizuri. Nyumbani hao wote ni mtu mmoja. Kwenye mfumo wa serikali ni watu watatu, na hakuna kati yao anayefuzu. Kurekebisha herufi moja huchukua muda mrefu kuliko dirisha la maombi. Ndiyo maana mtoto anayetamani Lanet anastahili kuanza kulinganisha karatasi zake akiwa kidato cha tatu, kabla hajajua hata atapata alama gani.

Kinachopimwa

Ukisikiliza mazungumzo ya vijana wanaojiandaa, utadhani jeshi hutafuta mapafu. Kwa kuruti kuna ukweli fulani. Kwa kadeti, mapafu ni tikiti ya kuingilia tu. Afisa atapewa watu wa kuwaongoza akiwa na miaka ishirini na kitu, baadhi yao wakiwa na umri wa kuwa wajomba zake. Msaili anataka kujua mambo mengine: Je, unaweza kujieleza bila kutetemeka? Unasoma habari? Umewahi kuwaongoza watu, wakakufuata bila kulipwa?

Wamarekani wana mpango unaotupa mfano mzuri wa kujipima. Tangu mwaka 1916 wana ROTC, mafunzo ya uafisa yanayofanyika ndani ya vyuo vikuu vya kawaida. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kushindania ufadhili unaomlipia karo ya chuo, na kwa malipo hayo huhudhuria mafunzo ya kijeshi akiendelea na shahada yake ya uhandisi, uuguzi au historia, kisha hulitumikia jeshi kwa miaka aliyoahidi. Ufadhili huo ni wa raia wa Marekani pekee, kwa hiyo kijana wa Nuu asipoteze usiku kuutafuta. Cha kujifunza ni namna wanavyochagua. Alama, jaribio la viungo, mahojiano na rekodi ya uongozi huwekwa kwenye kapu moja, na anayeng'ara upande mmoja pekee hupitwa na aliyesawazika.

Kijana wetu ana vitu vya kutia kapuni kuliko anavyodhani. Skauti ni uongozi. Kuwa kiranja wa bweni lenye maji ya mitungi miwili kwa wavulana arobaini ni uongozi mgumu. Kuna Tuzo ya Rais, iliyoanzishwa nchini mwaka 1966, ambayo huwafunza wanafunzi huduma, ustadi na safari za porini. Kuna kwaya ya kanisa, kuna timu ya voliboli, kuna kikundi cha vijana kinachochimba mitaro ya kuvuna maji. Tatizo ni kwamba watu wa Ukambani tumefunzwa kutojisifu, na msaili hawezi kupima kilichobaki moyoni. Mwanafunzi afundishwe kulisema alilolifanya, kwa sentensi tatu zilizonyooka, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili.

Wapo pia wanaoota West Point na Sandhurst. Ndoto hiyo ina njia, lakini nayo hupitia Lanet au makao makuu ya ulinzi kwanza. Sheria ya Marekani inakiruhusu kila chuo chake kikuu cha kijeshi kuwa na wanafunzi wa kigeni wasiozidi 60 kwa wakati mmoja, kutoka duniani kote, na majina hupendekezwa na serikali za nchi zao. Sandhurst ya Uingereza, ambako kozi kuu ni ya wiki 44, nayo hupokea wageni waliotumwa na majeshi yao. Jirani zetu Watanzania wana Monduli mkoani Arusha, na Waganda wana Kabamba. Popote pale, aliyetangulia kuchaguliwa kwao ndiye anayepelekwa nje.

Mbuzi wa wakala

Penye mlango mwembamba hapakosi mtu wa kuuza ufunguo bandia. Tangazo likitoka tu, hujitokeza mtu mwenye shati lililonyooshwa na simu mbili, anayemjua kanali fulani. Hataki mengi, anataka pesa za "kusukuma jina". Mzazi huuza mbuzi, huongeza ndama, mwishowe kipande cha shamba. Kijana hupewa barua yenye mhuri mzuri, akafika nayo kambini na kukamatwa pale pale langoni.

Jeshi hurudia kila mwaka kwamba kuandikishwa ni bure. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 haimwoni mtoaji kama mwathiriwa. Inamhesabu mkosaji sawa na mpokeaji, na adhabu yaweza kufika kifungo cha miaka 10, au faini ya shilingi milioni 5, au vyote viwili. Kwa mtu anayetaka ukadeti, hoja ni nyepesi zaidi. Mwenye B hana haja ya wakala, na asiye na B hakuna wakala wa kumpa.

Pesa ya mbuzi huyo ingefanya kazi kubwa zaidi miaka miwili mapema, kwa kitabu cha Fizikia na taa ya sola. Tena muda wenyewe unakimbia: KCSE tunayoijua itafanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2027, na watoto wa mtaala mpya watapimwa kwa njia nyingine. Masharti ya kuwa kadeti yatabidi yafuate mkondo huo. Shule zetu za kutwa zisisubiri kusikia habari hizo kutoka Nairobi zikiwa za mwisho, kama tulivyozoea.

Deni la sare

Ufadhili huu hulipwa kwa kitu kizito kuliko fedha. Kenya iliingia Somalia mwezi Oktoba 2011, na Januari 15, 2016 kambi ya El Adde ilivamiwa, maiti zikarudi nyumbani kwenye vijiji vingi vya nchi hii. Aprili 18, 2024, helikopta ilianguka Elgeyo Marakwet na kumuua Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, pamoja na wanajeshi wengine. Mama anayeshika ukanda wa mwanawe na kusema hapana hapaswi kuchekwa. Anajua kwamba kiapo si mkataba wa kuvunja ukichoka.

Lakini Nuu pia inalijua jeshi kwa sura nyingine. Desemba 4, 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakija harusini huku kwetu lilisombwa na mto Enziu uliofurika. Zaidi ya watu 30 walifariki. Wapiga mbizi wa Jeshi la Wanamaji walikuwa miongoni mwa walioingia kwenye yale maji ya matope kuwatafuta wapendwa wetu. Waliokuwa kwenye kingo siku zile waliona kwamba sare si bunduki peke yake. Kuna aliyekuwa akipiga mbizi, na kulikuwa na aliyesimama juu akisoma mkondo na kuamua nani aingie, saa ngapi, na atoke lini. Uamuzi wa namna ile ndio kazi ya afisa.

Kilo za msichana

Nilirudi sokoni siku ya pili kununua ndengu za nyumbani. Msichana wa daftari alikuwepo. Nilimwuliza alipata nini kwenye mtihani. Akasema B, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi. Nikamwuliza kama amewahi kufikiria ukadeti. Akacheka, akasema hawezi kumshinda yule kijana kwa mbio.

Nikamwambia hatashindana naye. Kijana yule, kwa alama aliyonayo, anaelekea mlango mwingine, na Mungu amjalie kilo moja na nusu zinazompungukia. Nikamtajia Fatuma Ahmed, aliyejiunga na jeshi mwaka 1983, akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kufika cheo cha meja jenerali mwaka 2018, na mwaka 2024 akakabidhiwa kuliongoza Jeshi la Wanahewa. Aliandika jina hilo pembeni mwa daftari, kati ya magunia mawili.

Mnunuzi, ambaye ni baba yake, alikuwa amesimama akitusikiliza na kijiwe mkononi. Hakusema neno. Alilivuta gunia lililokuwa juu ya bamba, akalipangusa vumbi kwa kiganja, akampa mwanawe ishara kwa kidevu. Msichana akavua viatu.